Msuguano au Mgandamizo? Uhakiki wa Lugha ya Kueleza Joto la Mwendo wa Kasi ya Kimondo

Aghalabu, maandishi ya Kiswahili yanapogusia kitu kinachopasua anga kwa kasi kubwa mno, kiwe ni jiwe litokalo mbinguni, chombo cha wanaanga kinachorejea ardhini au kombora, joto la kitu hicho huelezwa kwa neno moja tu: msuguano. Kitu kinasuguana na hewa, msuguano unaleta joto, joto linakiunguza. Maelezo hayo ni mafupi, yanakumbukika, na yanaafikiana na uzoefu wa kila mtu aliyewahi kusugua viganja vyake asubuhi ya baridi. Kasoro yake ni kwamba kwa sehemu kubwa si ya kweli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo, ingawa linahesabiwa kuwa la fizikia, limeingia kwa mlango wa lugha, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kulisahihisha, ila maneno hayo yanakaa mahali ambapo waunda istilahi hawana desturi ya kwenda kuyatafuta.

Yafaa maelezo hayo yapimwe mbali kidogo na pwani na mbali na Dar es Salaam. Nyankunde, iliyo kusini-magharibi mwa Bunia katika mkoa wa Ituri, ni mji mdogo unaojulikana kwa hospitali yake ya misheni na kwa uwanja wake wa ndege ndogo, ambao kwa miaka mingi umeleta wagonjwa, dawa na waganga kutoka sehemu zisizo na barabara. Hospitali hiyo ilishambuliwa na watu wengi kuuawa mwezi Septemba 2002. Baadaye ilijengwa upya. Kiswahili cha hapo ni lugha ya soko, ya wodi na ya gereji, ilhali fizikia hufundishwa kwa Kifaransa. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2022, msemaji wa Kiswahili wa Nyankunde amekuwa, rasmi, msomaji wa istilahi zinazoundwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Swali ni kama istilahi hizo zinamfaa.

Ichukuliwe ndege ndogo ya injini moja inayokaribia Nyankunde kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Hewa inayokutana na pua ya ndege hiyo na kusimamishwa hapo hupata joto, kwa kuwa nguvu ya mwendo lazima igeuke kuwa kitu kingine. Hesabu ni rahisi: ongezeko la halijoto hufuata mraba wa kasi. Kwa ndege hii ongezeko ni nyuzi 2 hivi za Selsiasi, na rubani hana haja ya kujua habari zake. Ndege ya Concorde, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003 kwa kasi iliyokuwa mara mbili ya kasi ya sauti, ilipita katika hewa yenye baridi ya nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, na bado pua yake iliruhusiwa kufikia nyuzi 127. Kasi ikifika mara tano ya kasi ya sauti katika hewa hiyo hiyo ya juu, yaani kilomita 5,300 hivi kwa saa, hewa inayosimamishwa hupanda kwa nyuzi zipatazo 1,100. Mwendo huu ni kama mara 22 ya ule wa ndege ya Nyankunde, na mraba wa 22 ni karibu 500. Ndipo nyuzi 2 zinapokuwa 1,100. Kanuni ni ile ile moja. Katika hesabu nzima neno msuguano halikuhitajika hata mara moja.

Lililohitajika ni mgandamizo. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto, na jambo hili halina ugeni kwa yeyote aliyeshika pampu ya baiskeli akaona upande wa chini unavyochoma vidole. Mfano ulio bora zaidi umo katika kila lori linalopanda barabara ya Bunia na katika kila jenereta ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikapata joto la mamia ya nyuzi, na mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Fundi anayesema kwamba injini imepoteza kompresheni, ndiyo maana haiwaki asubuhi, anatamka sentensi ya fizikia iliyo sahihi kabisa. Hasemi kwamba injini imepungukiwa na msuguano. Msuguano kwake ni adui, ndio unaomla ringi. Gereji, basi, imekwisha kutenga dhana mbili ambazo maandishi ya elimu ya anga yangali yakizichanganya.

Haitoshi, hata hivyo, kuliondoa neno moja na kuliweka jingine mahali pake. Hewa ya kawaida haibanwi kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu haikai ikasubiri kubanwa. Kitu kinachokwenda polepole kuliko sauti hutanguliwa na habari zake: msukumo wake husafiri mbele kwa kasi ya sauti, na hewa hujitenga kabla hakijafika. Kitu kinachoipita sauti hufika pamoja na habari zake, au kabla yake. Hewa iliyo mbele haijui lolote hadi dakika ya mwisho, na hapo hurundikana katika utando mwembamba mno ambamo kanieneo, msongamano na halijoto hupanda kwa mkupuo mmoja. Utando huo ndio huitwa katika tafsiri nyingi wimbi la mshtuko. Neno mshtuko si baya, lakini linamwelekeza msomaji kwenye moyo wa mtu aliyepata habari mbaya. Wengine husema wimbi la kishindo, na hapa pana afadhali, kwa kuwa watu walio ardhini husikia kweli kishindo. Ila kishindo ni matokeo yanayofika masikioni baadaye, wala si umbo la jambo lenyewe angani.

Mabaharia wa pwani wanalo neno ambalo halijatumika. Sehemu ya mbele ya chombo huitwa omo, na kila aliyesafiri kwa jahazi ameliona wimbi linalosimama mbele ya omo likaandamana na chombo bila kukiacha wala kukipita. Wimbi la omo lingekuwa istilahi yenye picha, yenye ukweli na yenye asili ya lugha. Lakini msomaji wa Nyankunde hakukulia kando ya majahazi. Hapa waunda istilahi hujikuta katika mtanziko wa kale: neno lililo tajiri Lamu huwa kimya Ituri. Hata hivyo mitumbwi ya Ziwa Albert nayo ina wimbi la mbele, hata kama hakuna anayeliita la omo, na ni rahisi kumfundisha mtu neno moja la kitu anachokijua kuliko maneno matatu ya kitu asichopata kukiona. Kwa sababu hiyo wimbi la omo linastahili kujaribiwa.

Je, msuguano hauna nafasi kabisa? Ingekuwa kosa jingine kusema hivyo. Ubavuni mwa chombo chembamba na kirefu hewa haisimamishwi kwa kubanwa; hupunguzwa mwendo na kule kunata kwake kwenye ngozi ya chombo, safu juu ya safu, na nguvu ya mwendo hugeuka joto ndani ya utando huo. Hapo neno msuguano lina haki yake. Ila mwandishi anayelitumia kwa pua ya kimondo au tumbo la chombo kinachorejea kutoka angani ameuchukua ukweli wa ubavuni akaupeleka usoni.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hii ina uzito wowote nje ya darasa. Uzito wake ni mkubwa, kwani anayeamini kuwa adui ni msuguano atachonga chombo chembamba, laini, chenye ncha kama sindano, ili kisisuguane na hewa. Ndivyo makombora ya masafa marefu yalivyochorwa mwanzoni. Mwaka 1951 H. Julian Allen, mtafiti katika maabara ya Ames huko Marekani, alifika kwenye rai iliyoonekana kinyume cha akili: chombo cha kurejea ardhini kifanywe butu. Yeye na mwenzake Alfred Eggers walionyesha kwamba umbo butu hulisukuma wimbi likasimama mbali kidogo mbele ya chombo, na sehemu kubwa ya joto ikabaki katika hewa na kuachwa nyuma pamoja nayo. Kilo moja ya kitu chochote kinachozunguka dunia kwa kilomita 7.8 kwa sekunde ina nguvu ya mwendo ya megajuli 30 hivi, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya kiasi cha kuigeuza kilo ya chuma kuwa mvuke. Chombo hupona kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inayoingia ndani yake. Unene wa pua ukiongezwa mara nne, joto linalomiminika kwenye kila sentimita ya mraba ya pua hiyo hupungua kwa nusu. Lugha ya msuguano haiwezi kuyaeleza haya. Kinyume chake inayakataza, kwa kuwa kitu butu ndicho hasa, kwa fikra ya kusugua, kingepaswa kuungua zaidi.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ni wa tarehe 3 Oktoba 1967. Siku hiyo rubani William Knight aliirusha ndege ya roketi X-15 kwa kasi ya Mach 6.7, kilomita 7,274 kwa saa. Chini ya mkia ilining'inizwa injini ya kuigiza, juu ya nguzo fupi. Ndege iliporudi, nguzo hiyo ilikuwa imetobolewa na injini yenyewe imedondoka njiani. Ngozi iliyokuwa karibu, ambayo ilipita katika hewa ile ile kwa kasi ile ile, haikupata madhara ya kiasi hicho. Kama joto lingekuwa la kusugua, lingesambaa kwa kadiri ya eneo lililosuguliwa. Kumbe mawimbi mawili yalikutana hapo, moja likalikata jingine, na mahali pa makutano joto likawa mara nyingi zaidi ya pengine. Mhandisi anayefikiri kwa mawimbi hujua mahali pa kutazama. Anayefikiri kwa msuguano hukagua ngozi yote na kupitwa na nguzo.

Kuna neno jingine linalostahili kuhakikiwa, nalo ni kitenzi waka. Husemwa kwamba kimondo huwaka kinapoingia katika hewa. Kiswahili kina bahati na balaa katika kitenzi hiki: taa huwaka, kuni huwaka, jua huwaka, na hata mtu mwenye hasira huwaka. Katika maana ya kung'aa, kimondo huwaka kweli, na kinachong'aa hasa ni hewa iliyobanwa mbele yake pamoja na mvuke wa mwamba wake. Katika maana ya kuni, haiwaki namna hiyo: sehemu ya nje huyeyuka, huwa mvuke na kumenguka. Msomaji asiyeonywa huchukua maana ya pili na kudhani kwamba jiwe likifika chini huwa kaa la moto mpaka ndani.

Kimondo cha Mbozi, kilicho katika mkoa wa Songwe nchini Tanzania, kingeweza kuwa mwalimu wa jambo hili. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, chuma tupu kwa asilimia kama 90 na nikeli kwa asilimia kama 8; habari zake zilienea nje kuanzia 1930. Vitu vya namna yake huingia katika anga la dunia kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Kwa vimondo vinavyookotwa mara tu baada ya kuanguka, alama ya joto huishia milimita chache chini ya ganda. Safari katika hewa nzito ni ya sekunde chache, na joto halina muda wa kupenya. Isitoshe, tabaka linaloyeyuka na kumenguka huondoka na joto lake. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika katika ngao za vyombo vya Apollo, ambazo zilitengenezwa ili zimenguke. Neno kumenguka, linalotumiwa kwa ganda au kipande kinachobanduka, linafaa mno hapa, na ni ajabu kwamba tafsiri nyingi hulikwepa na kusema tu ngao huungua.

Kwa upande wa joto na halijoto, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Istilahi kama halijoto, kanieneo na mchapuko, pamoja na juhudi zilizozaa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zilimpa mwalimu wa Kiswahili vyombo ambavyo lugha nyingine za Afrika zingali zikivitafuta. Kilichopungua ni matumizi. Tofauti ya joto na halijoto hukaririwa katika ukurasa wa kwanza wa somo na kusahauliwa katika wa pili, na katika Kiswahili cha Kongo, ambako neno moto hubeba pia maana ya joto, hatari ya kuchanganya ni kubwa zaidi.

Mfano wa kuitenganisha tofauti hiyo umo katika pwani ya Kenya. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967 kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Setilaiti hiyo ilikuwa, kwa maneno mengine, mizani. Ganda la nje lilishikizwa kwa vyuma vya kunyumbuka kwenye kiini kizito, na kadiri hewa ilivyolisukuma ganda ndivyo lilivyosogea, na kusogea huko kukapimwa. Hivyo ulipatikana msongamano wa hewa ya juu sana katika eneo la Ikweta. Huko juu halijoto ya chembe za hewa hufika mamia ya nyuzi na mara nyingine kupita 1,000, nayo setilaiti inakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 7 kwa sekunde, lakini haiyeyuki. Chembe ni chache mno kuweza kuipa joto la kutosha. Halijoto ni kubwa, joto ni dogo. Setilaiti hiyo hiyo ikishuka hadi kilomita 80 au 70 juu ya ardhi, hewa huwa nzito kiasi cha kuiangamiza. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa hilo lilirusha setilaiti nyingine, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ilikuwa ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya. Ni neno la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya astronomia vya dunia nzima, huku maelezo ya safari yake kwa Kiswahili yakiwa haba.

Limebaki suala la jina la mwendo wenyewe. Mwanasayansi Mchina Hsue-shen Tsien, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ndiye aliyelitia katika matumizi mwaka 1946 neno la Kiingereza linalotaja mwendo unaopita mno kasi ya sauti, na kwa desturi mpaka wake umewekwa kwenye Mach 5. Kiambishi cha neno hilo ni cha Kigiriki, kile cha neno la jirani yake ni cha Kilatini, na vyote viwili vina maana ya juu ya. Lugha hiyo, basi, imeutofautisha mwendo mmoja na mwingine kwa kubadilisha lugha ya mkopo, mbinu ambayo Kiswahili hakina sababu ya kuionea wivu. Waandishi wa magazeti husema kasi ya ajabu, ambayo si istilahi. Kasi maradufu ya sauti ni kosa la hesabu. Haipasoniki inatamkika, lakini haimwambii fundi wa Nyankunde chochote.

Kasi ya kimondo, iliyotumika katika kichwa cha makala haya, ina faida ya kutaja pamoja mwendo na joto, na hicho ndicho kinachoutenga mwendo huu na ule wa kuipita sauti tu. Kwenye Mach 5 hakuna ukuta wowote, kama ulivyo kwenye Mach 1. Kinachotokea ni kwamba polepole joto linashika usukani kutoka kwa mwendo. Halijoto ikipita nyuzi 2,200 hivi, molekuli za oksijeni huanza kuvunjika, baadaye na za nitrojeni, na hewa inayokiguza chombo si hewa ile iliyovutwa na wahandisi walipoichora. Pingamizi lipo: vimondo huenda kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, ilhali Mach 5 ni kilomita 1.5 tu. Pia kimondo hakina usukani wala rubani. Lakini jina la dhana huchukua alama iliyo dhahiri ya kitu, halichukui vipimo vyake vyote. Kanieneo yenyewe haisemi ni kani kiasi gani juu ya eneo gani. Na katika imani ya Waislamu wa pwani vimondo ni mienge wanayotupiwa mashetani wanaonyemelea mbinguni kusikiliza. Neno hilo, basi, lilikwisha kubeba kasi, moto na shabaha kabla ya roketi ya kwanza kuundwa.